Aliyebonyeza Ruhusu

Tovuti ilimwandikia "Karibu tena," naye maishani mwake hakuwahi kuingia humo.

Ilikuwa saa tano na nusu mchana, nyumbani kwa mama yake. Kabla ya saa sita, mwandishi wa programu huyu alitakiwa awe amepandisha kazi yake kwenye tovuti ya kuhifadhia programu, la sivyo ajira aliyoisaka mwaka mzima ingempita. Kujisajili kulimtoa jasho. Nywila ilikataliwa mara tatu, na jaribio la kuthibitisha kuwa yeye ni binadamu likamshinda mara tano, jamani! Kwa hasira akachagua kuingia kwa akaunti yake ya barua pepe. Ikatokea orodha ndefu ya ruhusa, hata ya kusoma barua pepe zake zote. Watu wa kazi hii huwa hawasomi orodha hizo, naye hakusoma. Akabonyeza Ruhusu.

Chini ya makaribisho kulikuwa na picha yake, amekaa kwenye kiti hicho hicho, amevaa gauni la leo, amepigwa kutoka nyuma.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Akajaribu kutoka kwenye akaunti. "Mwenyewe yumo ndani," skrini ikajibu.

"Mwanangu, mbona unanipita hunisemeshi?" mama aliuliza sebuleni.

"Mama, mimi sijainuka hapa," alinong'ona, lakini sebuleni sauti yake mwenyewe ilikuwa inacheka, ikimpa mama pole ya mguu unaomuuma, ikimsogezea kigoda, na alipokimbilia mlangoni akajikuta anajitazama, gauni lile lile, kovu lile lile la kidevuni, huku mama akiwaangalia wote wawili.

Mganga wa mtaa wa pili akaitwa. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, waulize jambo linalojulikana humu ndani tu."

"Marehemu baba yako aliniitaje kwenye barua zake?"

Jina hilo alilisoma mara moja, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye barua pepe ambayo baba alimtumia amsomee mama, na ambayo hakuifungua tena. Akababaika. "Mama, subiri... nalijua..."

"Malkia wa Chumvi," yule mwingine alisema polepole, kama anayesoma.

Mama akaangua kilio, akamkumbatia huyo.

Mganga akamgeukia aliyebabaika, akammwagia maji miguuni. "Toka kwenye nyumba ya watu."

"Mama, ni mimi!" Lakini miguu ilikuwa inarudi kinyumenyume yenyewe, hadi nje, na mlango ukakomewa.

"Tulia, mama," sauti yake ilisema kule ndani. "Ameshakwenda."