Sebule ya Restuta

Mvua iliwakimbizia watu ndani ya jumba la makumbusho la London Jumamosi ile, na mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu alisimama pale pale ambapo Restuta alitaka wanafunzi wake watazame.

"Samahani kaka, umemziba mwenyeji wetu."

Akageuka. Ukutani, kwenye picha ya rangi, alikuwepo bibi wa karne ya kumi na nane, gauni la hariri ya buluu, nywele zimepandishwa kama mnara.

"Mwenyeji wa nini?"

"Wa waandishi na mawaziri. Hakuwa na kura wala kiti bungeni, lakini hoja zilipikwa sebuleni kwake kabla ya kufika huko. Wanaume wakaandikwa vitabuni. Yeye akakumbukwa kwa chai."

"Nyinyi Watanzania, hata mkimfukuza mtu lazima mumfundishe kwanza."

Restuta alicheka asitake. Jamaa alikuwa Mkenya wa Machakos, jina lake Titus, mtangazaji wa kipindi cha Kiswahili cha redio inayosikika hadi Afrika Mashariki. Kabla ya kuachana, alikuwa ameshaalikwa nyumbani kwa Restuta, Thornton Heath, kusini mwa jiji.

Kwani Restuta hakuishia kuwafundisha wanafunzi habari za mabibi wale. Kila mwezi, Jumapili alasiri, alivaa gauni lake la kitenge cha njano na kufungua flati yake kwa Waswahili wa London: manesi, wanafunzi, washairi, wakimbizi wa siasa. Walisoma kazi zao, wakabishana. Sharti lilikuwa moja: lililosemwa sebuleni halitoki nje.

Titus alikuja, akarudi, akawa wa mwisho kuondoka. Akajifunza kukaanga vitumbua, akaviunguza.

"Hivi ni vitumbua au makaa?" Restuta alimtania.

"Ni mapenzi, laazizi. Yameiva kupita kiasi."

Walikuwa karibu mwaka pamoja siku Msabaha, mwalimu kijana kutoka Tanga, aliposoma insha yake juu ya wanakijiji waliohamishwa kwa nguvu, na viongozi waliogawana ardhi yao. Viongozi hao aliwataja kwa majina. Hakuna aliyegusa kikombe.

Alhamisi iliyofuata Restuta alikuwa akiosha vyombo huku redio ikizungumza. Akasikia sentensi zile zile za insha, neno kwa neno, kwa sauti ya Titus. Akaitoa mikono kwenye povu, akazima redio.

Kesho yake Msabaha akapiga simu. Kaka yake huko Tanga alikuwa amechukuliwa na polisi kuhojiwa juu ya insha ile.

"Dada Resti, kuhusu redio, mimi..." alianza.

"Usiseme kitu kwenye simu," Restuta akamkata. "Niachie mimi."

Akampigia Titus.

"Insha ya Msabaha umeipata wapi?"

"Resti, ngoja..."

"Titus, nakuuliza."

"Siwezi kukwambia, mpenzi."

"Huwezi, au unaona haya? Umekula kwangu, umelala kwangu, ukaiba maneno ya mgeni wangu. Na sasa ndugu wa mtu yuko mikononi mwa polisi."

"Resti, niamini tu. Nipe muda."

"Nilikuamini ndiyo maana tuko hapa. Usije tena."

Akakata simu. Wiki zikapita. Titus alipiga, hakujibiwa, mwishowe akaacha. Jumapili ya mkutano ilipofika, mlango haukufunguliwa.

Aliyekuja kugonga baadaye ni Msabaha. Hakukaa.

"Kaka yangu aliachiwa jioni ile ile. Yuko salama. Sikuja mapema kwa aibu," alisema. "Insha nilimpa Titus mimi mwenyewe. Nilimwapisha asikwambie."

"Kwa nini?"

"Ungenikataza. Hapa kwako tunasema, tunapigiana makofi, tunakunywa chai, tunarudi makwetu. Wale wanakijiji hawana sebule London, dada. Nilitaka wasikie wanasemewa."

 Restuta alidhani anawalinda wageni wake. Kumbe mwingine alihitaji mlango ufunguke kwa nje, maneno yatoke.

"Na Titus yuko wapi?"

"Nimesikia anahamia Nairobi. Amepewa kazi huko."

Alivaa koti juu ya nguo za nyumbani, akapanda treni hadi kwa Titus, Neasden, kaskazini mwa London. Titus alifungua akiwa na mkanda wa gundi mkononi. Nyuma yake maboksi yalifika dirishani, na ng'ambo ya mapaa mnara mweupe wa hekalu la Wahindu ulikuwa uking'aa juani.

"Msabaha ameniambia," Restuta alisema. "Nimekukosea. Nilikuita mwizi bila kukusikiliza."

"Sikukupa cha kusikiliza. Ningeweza kusema nimeapishwa, hata bila kumtaja mtu. Nilinyamaza kwa kiburi, nikitaka uniamini bure."

"Nairobi umeshakubali?"

"Wanasubiri jibu langu la mwisho leo." Akaweka gundi chini. "Kwani hapa nimebakiwa na nini?"

Restuta alizoea kualika watu, na saa ikifika kuwasindikiza mlangoni. Kumwomba mtu asiondoke, hajawahi. 

"Baki."

"Nibaki kama mgeni wako?"

"Kama mume wangu."

Titus alisukuma kando boksi lililokuwa kati yao. Kisha akachukua simu, akabonyeza namba ya Nairobi, na kwa mkono mwingine akamshika vidole, akavikaza.

"Mkubwa, habari za mchana," alisema. "Samahani sana. Siji."