Mkwe Wangu Aliitika "Ndiyo, Baba"

Nina miaka sabini na minne. Naishi hapa Bariadi na mke wangu, na namshukuru Mungu kwa uzima, kwa wajukuu, na kwa pumzi hii niliyonayo. Nimekuwa katekista kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa fundi, na watu wengi wa hapa wananijua kwa kufundisha watoto sala. Hawajui ninachotaka kuwasimulieni leo. Nimekibeba kifuani miaka mingi... na mzigo wa kifuani hauzeeki pamoja na mtu.

Ujanani niliajiriwa katika jineri ya ushirika, kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yangu ilikuwa kurekebisha visu vya mashine, vile vinavyotenganisha nyuzi na mbegu kwenye rola ya ngozi. Hiyo kazi haisomwi kwenye karatasi. Unaijua kwa sikio. Mashine ikibadilisha sauti kidogo tu, mkono wako umeshakwenda kwenye mkanda kuuondoa ili isimame. Nilijifunza misimu mitatu kabla ya kuachiwa mashine peke yangu.

Kisha likaja soko huria. Ushirika ukayumba, na matajiri wakaanza kujenga jineri zao, Bariadi, Maswa, hadi vijijini. Mashine walikuwa nazo. Watu wa kuziendesha hawakuwa nao. Sisi mafundi wachache tukawa adimu kama mvua ya Agosti. Ungetoka Misa Jumapili ukakuta mtu amekungoja nje na baiskeli mpya, anakuuliza kwa upole unapata nini huko ulipo. Wenzangu walihama mara mbili ndani ya msimu mmoja. Sikuwalaumu. Na mimi nilihama, nikaingia kwa tajiri mmoja wa hapa hapa Bariadi.

Pale tulikuwa na desturi yetu. Fundi haachi mashine tupu. Ukitaka kuondoka, unaweka mtu wako, ndugu au jamaa, unamfundisha, unamdhamini, ndipo tajiri anakuruhusu kwa heri. Ilikuwa desturi nzuri... mpaka iliponifikia mimi.

Msimu wa pili nikaitwa Maswa. Walitaka niwe fundi mkuu, na nyumba ya bati ilikuwa ikiningoja. Nani angekataa? Nilisali juu ya jambo hilo, lakini nakiri mbele yenu, nilisali nikiwa nimeshafunga mizigo moyoni.

Tajiri wa Bariadi alinisikiliza, akasema, "Nenda mzee, sina kinyongo. Ila niwekee mtu wako."

Wanangu wa kiume walikuwa mbali. Nikamkumbuka Jilala, mume wa binti yangu Veronika. Kijana mpole, mkulima wa pamba na mfugaji, hajawahi kushika kitu chenye mkanda zaidi ya ule wa suruali. Nikamwita nyumbani.

Sasa nieleweni. Kwetu Wasukuma mkwe hamtazami baba mkwe wake machoni. Hakai naye mkeka mmoja, habishani naye. Akiwa na la kukataa, hulipitisha kwa mtu mwingine, na mtu huyo hulileta taratibu. Hili nililijua tangu utoto. Mimi mwenyewe nilimheshimu baba mkwe wangu hivyo hivyo hadi nilipomzika.

Nikamwambia, "Jilala, nataka ushike mashine yangu."

Akatazama chini. "Ndiyo, baba."

"Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

Nikafurahi. Nikajiambia kijana amekubali.

Nilimfundisha siku tatu. Siku tatu, kwa kazi iliyonichukua misimu mitatu! Kila nikimuuliza kama ameelewa, jibu lilikuwa lile lile. Pale kiwandani alikuwepo mwenzangu Limbu, mtu wa utani, ambaye hakuwa na jambo asilolifanyia mzaha. Akatuangalia, akaniita pembeni.

"Katekista, huyu hata ukimwambia jua linachomozea Shinyanga, kule linakozama, atakuitikia ndiyo."

"Ameelewa," nikasema. "Ni kijana mwenye akili."

"Akili anazo. Mdomo ndio hana mbele yako. Niachie mimi nimuulize, mimi si mkwe wake. Nimpeleke kwenye uji nikamsikilize."

Nikacheka. Nikamwambia aache kumtia mwenzake woga. Lori la Maswa lilikuwa likiningoja kesho yake.

Jioni ile mke wangu naye akanigusia. Veronika alikuwa amemwambia kwamba mumewe hali vizuri tangu aingie jineri, na mlio wa mashine haumtoki masikioni. "Baba Veronika, mtume mtu amuulize," akasema. Mimi nikamhubiria juu ya mwanaume kusimama kwenye neno lake. Nilikuwa hodari wa kuhubiri. Ndugu zangu, kuna wakati mtu anamtumia Mungu kama pazia ili asione dirishani...

Nikaenda Maswa.

Msimu ule matajiri waligombania pamba kama walivyotugombania sisi. Hakuna aliyeikagua. Wakulima waliojua hilo waliinyunyizia maji ili iwe nzito kwenye mizani, na pamba mbichi hujisokota kwenye rola. Ikijisokota, sheria ni moja tu: ondoa mkanda kwanza, mashine isimame, ndipo usafishe. Hiyo nilimwambia Jilala, tena zaidi ya mara moja.

Lakini siku ile ya tatu ya kumfundisha, mashine ilikwama kidogo mbele yake, na mimi kwa haraka zangu nikaichomoa pamba kwa vidole huku rola inazunguka. Nilikuwa na sikio na mazoea ya miaka mingi. Yeye hakuwa navyo. Mdomo wangu ulimfundisha jambo moja, mkono wangu ukamfundisha jingine. Na mkwe humfuata baba yake, hamuulizi.

Wiki ya pili, mchana, dereva wa lori aliyetoka Bariadi alinikuta nakunywa chai. Hakukaa. Akavua kofia, akasema, "Mzee, rudi nyumbani. Mkweo mashine imemchukua mkono."

Mkono wa kulia, hadi kwenye kifundo.

Nilimkuta hospitali, Veronika ameketi sakafuni. Jilala aliponiona alijaribu kuinuka kitandani ili anisalimie kwa heshima. Na hali ile! Nikatoka nje, nikalia kama mtoto.

Nilikwenda kwa tajiri kumwombea kazi yoyote, hata ya kulinda geti. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema anasikitika, lakini anatafuta watu wenye mikono miwili. Watu walikuwa adimu, ndugu zangu, lakini kumbe si kila mtu. Kwenye mashine ile alishasimama mwingine, naye mgeni, naye amewekwa na jamaa yake. Niliporudi Maswa nikakuta nafasi yangu ina fundi aliyetolewa Mwanza. Misimu michache baadaye jineri ile nayo ikafungwa, na ile nyumba ya bati wakafugia mbuzi.

Jilala hakuweza tena kukamua wala kushika jembe. Veronika ndiye aliyelima. Nilimwona binti yangu akifunga jembe la ng'ombe peke yake, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kushika upande wa pili.

Nilimwomba Jilala msamaha. Nilipiga magoti, jambo ambalo baba mkwe hafanyi. Akageuza uso kwa aibu, akasema, "Ndiyo, baba. Nimekusamehe, baba."

Nikaelewa adhabu yangu. Nitajuaje? Lilikuwa jibu lile lile, kwa sauti ile ile...

Hatimaye nikamtuma Limbu. Nilimtuma akaulize lile swali nililomkataza siku ile. Alirudi bila mzaha wowote. "Alitaka kukataa tangu siku ya kwanza," akasema. "Alikaa siku zote tatu akingoja umtume mtu."

"Na msamaha?"

"Nilimuuliza. Alinyamaza."

Limbu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Sijapata mtu mwingine wa kumtuma.

Ninyi mnaosoma, kazi zikiwaita huku na huku, nendeni, riziki si dhambi. Lakini nawasihi, msimwache kwenye kiti chenu mtu ambaye heshima imemfunga mdomo. Ndiyo ya mtu anayekuogopa si ndiyo. Mtafutieni mtu ambaye yeye ataweza kumwambia hapana, mumsikilize, hata kama lori linapiga honi.

Kila Krismasi Jilala huja na wanawe. Kunipa mkono wa kushoto kwake ni utovu wa adabu, na wa kulia hana. Basi husimama mlangoni, akainama, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Namjibu, namkaribisha ndani, namshukuru Mungu kwamba amekuja. Mikono yangu yote miwili huwa imenyooshwa mbele yake... naye bado anatazama chini.