Vigingi vya Barabara ya Igogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rebeka hupeta dagaa kwa ungo kwenye kibanda cha mama yake, Getruda, kando ya barabara ya Igogo. Vumbi la barabara hiyo ni balaa! Gari moja likipita, dagaa wote huwa wekundu, na mteja akitafuna mchanga harudi tena.

Basi waliposikia lami inakuja, Rebeka alishangilia. Wapimaji wakaja, wakachomeka vigingi pande zote mbili kuonyesha upana wa barabara. Kimoja kilisimama katikati ya kibanda.

“Mama, watatubomolea! Tutakula nini?”

“Tutasogea nyuma,” alisema mama. “Barabara ikifungwa wakati wa ujenzi wateja watapungua, sikatai. Lakini dagaa wangapi tunatupa kwa sababu ya vumbi? Na masika, nani anavuka tope kuja kununua? Ukipima yote, barabara inatufaa.”

Rebeka hakuridhika hata chembe. Mama alipokwenda mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, kununua dagaa, yeye aling'oa vigingi, akavisogeza vyote hatua chache kuelekea upande wa pili. Kibanda kikapona.

Kesho yake vibarua walifuata vigingi, wakachora alama nyekundu ya kubomoa kwenye jiko la jirani yao wa ng'ambo ya barabara, Mzee Luhende. Mzee alibaki ameshika kiuno.

“Jamani, si mlisema jiko langu haliguswi?”

Siku hiyo hiyo Rebeka alilia, akamweleza mama yake kila kitu. Mama hakumpiga, alimshika mkono wakavuka barabara.

“Shikamoo, babu. Vigingi nilivisogeza mimi. Naomba unisamehe.”

“Lo! Mtoto wewe! Ulitaka nipikie wapi, kichwani kwako?” Mzee alifoka kwelikweli. Kisha akashusha pumzi. “Haya. Umesema mwenyewe. Nimekusamehe, lakini twende kwa msimamizi.”

Msimamizi wa ujenzi, dada aitwaye Felicitas, alimkanya Rebeka, akapima upya na kuifuta ile alama. Jumamosi kibanda kilisogezwa nyuma. Aliyefika wa kwanza na nyundo mkononi alikuwa Mzee Luhende. Rebeka alimshikia misumari, aibu imemjaa.

“Umeona, mwanangu?” alisema mama. “Faida ya barabara tutaipata sote. Gharama nayo kila mmoja ana fungu lake, na hili ndilo letu. Ukimtwisha jirani mzigo wako, mzigo haujapungua. Umepunguza jirani tu.”