Chembe Zilizokataa Kazi

Saa mbili na robo asubuhi, maji ya buluu yalikataa kugeuka rangi.

Mtunza maabara alikuwa ametia chembe nyeusi kwenye bilauri ya maji machafu ya kiwanda cha nguo, kama alivyofanya kwa miaka minne. Chembe hizo ni chuma laini kuliko vumbi, na juu yake vimegandishwa vimeng'enya vinavyokula rangi. Kazi ikiisha, unaweka sumaku ubavuni mwa bilauri, chembe zinakimbilia pale, unamwaga maji safi na kuzitumia tena. Siku hiyo zilikimbilia sumaku vizuri tu, lakini maji yalibaki buluu vilevile.

Hizo ndizo zilizokuwa chembe zote za taasisi, ndani ya chupa moja, na saa sita wafadhili wangekuja kuziona zikifanya kazi.

Ofisi ya utawala ikaita polisi. Saa tatu akafika mpelelezi, mwanamke mfupi ambaye wenzake walimwita Mama Kwanini, na jina lilimkaa sawasawa. Profesa, mkuu wa maabara, alimpokea mlangoni na barua mkononi.

"Hapa hakuna cha kupeleleza," alisema. "Friji la chembe limekutwa limechomolewa. Huyu mtunza maabara ndiye aliyefunga jana saa kumi na moja jioni. Ni uzembe. Atie sahihi barua hii ya kukiri kosa, yaishe."

"Huyu ni nani wako?"

"Mdogo wa kike wa mke wangu. Kazi nilimtafutia mwenyewe. Lakini sheria ni msumeno."

Wanaopenda kuisema methali hiyo mara nyingi ndio walioshika mpini.

Mtunza maabara alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu. "Friji niliacha linanguruma, afande. Lakini shemeji akisema nililizima, nani atanisikiliza mimi? Nikitia sahihi nafukuzwa, na hakuna maabara itakayonichukua tena. Nina miaka arobaini na sita."

"Kwa sasa usitie sahihi hata risiti," Mama Kwanini alimwambia.

Ukimwacha Profesa, mwingine mwenye ufunguo wa maabara alikuwa mtafiti wa vimeng'enya. Saa nne kasoro aliketishwa kitako.

"Juzi mligombana na Profesa. Kwa nini?"

"Nilimwambia ripoti yake kuhusu chembe inanitia shaka. Akafuta jina langu humo."

"Kwa hiyo una kinyongo."

"Ninacho, sikufichi."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hospitali mpaka alfajiri. Mke wangu alikuwa anajifungua."

Mama Kwanini alipiga simu wodini. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na baba yake alikuwa amewasumbua wauguzi usiku kucha.

"Hongera. Sasa nieleze, friji likizimwa usiku mmoja, vimeng'enya vinakufa?"

"Vinachoka tu. Hivi vimekufa kabisa, afande. Vimechemshwa. Ni kama yai, likishaiva halirudi kuwa bichi."

"Vimechemshiwa wapi?"

"Si humu. Vyombo vyetu vyote vya joto vinajiandikia saa vinapowashwa. Tangu jana jioni hakuna kilichowashwa."

Saa tano kasoro robo, Mama Kwanini aliingia ofisini kwa Profesa. Dirishani palikuwa na birika la umeme, pakiti tatu za majani ya chai na kikombe chenye weusi wa miaka. Mezani palikuwa na chupa ya maji ya dukani, iliyonywewa nusu.

"Profesa, nipe chai. Koo limekauka."

"Birika ni bovu."

Mama Kwanini alilichomeka mwenyewe. Taa nyekundu ikawaka.

"Limepona," alisema. "Ofisi hii ina funguo ngapi?"

"Mmoja. Ninao mimi."

Mpelelezi alimwita mtunza maabara aje na sumaku na mtafiti awe shahidi. Akaifunga sumaku kwa mfuko wa plastiki, akaisugua taratibu kwenye chokaa iliyoganda chini ya birika. Ilitoka imeota ndevu nyeusi za chembe.

Profesa alikuwa amelisuuza birika hilo mara tatu. Mtu aliyejipatia sifa kwa kusema chembe hizi hukusanywa kwa sumaku alitegemea maji ya bomba yazitoe!

"Kwa nini?" Mama Kwanini aliuliza, kisha akamgeukia mtunza maabara. "Dada, unapoziosha na kuzirudisha kazini, zinadumu mizunguko mingapi?"

"Shemeji," Profesa alisema kwa sauti ya chini, "mfikirie dada yako."

Mtunza maabara aliogopa, na hakuna aliyemlaumu.

"Saba," alisema. "Wa nane zinashindwa. Nimeandika kila siku kwenye daftari langu."

"Ripoti inasema arobaini," mtafiti alisema.

"Na leo wageni wangehesabu wenyewe," alimalizia Mama Kwanini.

Profesa alikaa. "Nilihitaji mwaka mmoja tu, tungefika hiyo arobaini. Chembe zikiharibika, nani angeuliza hesabu? Nilijua wewe utavumilia, shemeji. Wewe ni wa nyumbani."

"Ndiyo maana ukanichagua mimi."

Alikwenda kabatini, akaleta daftari, akalikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaomba dakika moja, akasimama kwenye korido na simu sikioni.

"Dada, kaa chini kwanza. Mumeo anachukuliwa na polisi. Na aliyesema ni mimi. Nimetaka ulisikie kwangu."

Alisubiri. Simu haikukatwa upande wa pili, naye hakuikata.