Mkono wa Kumwogesha Mjukuu

"Geuza bugali! Sombe inaungua!" Godelieve alikaa jikoni akimpa binti yake amri kuhusu ugali na kisamvu. Mkono wake wa kulia ulining'inia shingoni ndani ya kitenge.

Alivunjika kifundo cha mkono alipoteleza mtoni na beseni la muhogo. Plasta ilikuwa imetolewa wiki tatu nyuma, na daktari alisema mfupa umeunga. Lakini Bertin, mume wake, alimkataza hata kushika kijiko. "Pumzika, mama." Akapumzika. Vidole vikakauka kama visamaki vya ndagala juani.

Binti yao Merveille alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza. Kwao, mama wa mzazi ndiye humwogesha mtoto.

"Ukishindwa, mama ya bwana yangu ataogesha," Merveille alisema taratibu.

"Arlette? Ule anamwagaka maji sawa vile anazima moto!"

Kesho yake Godelieve alikwenda mjini Baraka kwa Placide, kiné wa hospitali, mtaalamu wa kurudisha viungo kazini. Aliweka chupa ya mawese mezani, akajilaza kitandani.

"Mafuta ni ya nini, mama?"

"Ya kunikanda. Si njo kazi yako?"

"Kukanda iko kidogo tu. Kazi kubwa iko kwako."

Placide alisoma karatasi ya daktari, akaupapasa mkono, akampa kitambaa kilicholowa. "Kamua."

"Nilikuya kutunzwa, we unanipa kufua?"

"Mufupa umepona. Vidole vimekauka juu ya kukaa bure. Fungua ile kitenge."

Godelieve alishusha sauti. "Na ikiuma? Haitavunjika tena?"

"Ikivuta kidogo kisha itulie, endelea. Ikivimba, ao maumivu ikizidi, acha, kuya unione. Mara tatu kila siku, kidogo kidogo. Na utarudia hapa kila wiki."

"Na chupa yangu?"

"Mupikie sombe."

Nyumbani alikifunga kitenge kiunoni. Siku ya kwanza kitambaa kilitoa matone mawili tu. Bertin akaruka. "Wacha! Utauvunja!"

"Bertin, nyamaza. Leta maji ingine."

Wiki ya pili alishika kijiko. Wiki ya nne maji yalichuruzika, na bugali akaigeuza mwenyewe.

Wiki ya tano Merveille alijifungua msichana. Arlette alifika mapema, sabuni tayari mkononi. Godelieve alilichukua beseni, akalowesha kitambaa, akakikamua mbele ya macho ya Arlette mpaka tone la mwisho.

"Shika taulo, dada."

Arlette alicheka mpaka akakaa chini. "Nani alikupa mukono mupya?"

"Ni ule ule. Tulikuwa tumeulaza bure."

Akamshika mjukuu kwa mkono wa kushoto, akampangusa kwa wa kulia, polepole, shingo, kwapa, mapaja. Mtoto akanyoosha miguu, akakojolea ule mkono uliopona. Nyumba nzima ikapiga vigelegele.

Godelieve hakuutoa mkono.