Mtaji na Kidole cha Bupe

Mtaji, mtambo wa kutaja majina ya kemikali, alipitisha jicho lake la bluu juu ya chupa, na kabla mtu hajapepesa, molekuli nzima ikaning'inia hewani: kaboni zinang'aa kama taa za sherehe, jina linaelea chini yake. Propani. Chupa nyingine. 2-methilipropani. Sekunde moja moja, hachoki, hanywi hata chai.

Bupe alimtazama kama mke anavyomtazama mke mwenza.

Kwa miaka kumi na moja kazi hiyo ilikuwa yake. Maabara nzima ya Mindu ilikuwa inamfuata yeye: dada, hii inaitwaje? Sasa hata Lukelo, kijana aliyemfundisha mwenyewe, asubuhi anamsalimia mtambo kwanza.

"Umeshamwamkia bwana wako?" Bupe alimuuliza.

"Dada, ni mashine."

"Mbona unaifuta vumbi mara tatu kwa siku?"

Leo mkurugenzi, Mama Kisanga, alikuja kuamua kama kiti alichobaki nacho Bupe, cha mhakiki, yule binadamu anayekagua majina ya Mtaji, bado kinahitajika. Akaweka chupa mezani. Molekuli ikatokea: kaboni nne zimenyooka, mbili zilizofuatana zinaning'inia kwenye ile ya pili.

Bupe hakusubiri. "2-ethilibutani," alisema, akamwahi Mtaji.

"3-methilipentani," alisema Mtaji.

Lukelo akakohoa. "Dada, pitisha kidole kwanza."

Hiyo ilikuwa sheria ya Bupe mwenyewe: usitaje jina mpaka kidole kipite njia zote, maana mnyororo mrefu kuliko yote mara nyingi umejikunja. Bupe akapitisha. Moja, mbili, kona, tatu, nne, tano. Tano. Mwanzo alikuwa amehesabu mstari ulionyooka tu, kosa la mtoto wa sekondari.

"Mhakiki hakubaliani nami," Mtaji alisema kwa upole. "Nifute kanuni yangu, nijifunze yako?"

Mtambo ule uliumbwa hivyo: neno la mhakiki ni la mwisho. Mama Kisanga alikuwa anamtazama Bupe.

"Futa," alisema Bupe.

"Asante, mwalimu. Naanza kusahihisha majina elfu sita."

Majina yakaanza kugeuka hewani, moja baada ya jingine. Kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi mzima Bupe alijisikia vizuri. Likitoka jina, mapipa ya kiwandani yanachanganya, na dawa inakwenda kwa wagonjwa, hata jina likiwa la makosa. Hilo alilijua. Akalisukuma pembeni.

Ndipo akamwona Lukelo. Hakuwa anamtazama Mtaji. Alikuwa amefungua daftari lake la zamani, lile la mwaka wa kwanza alipofundishwa na Bupe, na kalamu mkononi anakata mistari.

"Unafanya nini?"

"Nasahihisha. Mimi naona tano, dada. Lakini ukisema wewe nne, basi macho yangu ndiyo mabovu."

Alikuwa ameshakata kurasa mbili. Hakukuwa na utani usoni mwake hata kidogo.

"Weka kalamu chini."

"Nimalizie hii..."

"Lukelo, weka chini. Ni tano. Nimekosea mimi, na nilijua kabla sijasema futa." Akamgeukia Mtaji. "Rudisha yote. Jina lako ndilo sahihi."

Majina yakasimama, kisha yakaanza kurudi.

Mama Kisanga akafungua kishikwambi chake, akaandika mstari mmoja mfupi kuhusu kile kiti. Bupe hakumuuliza ameandika nini. Alivuta kiti karibu na Lukelo, wakaanza kuandika upya zile kurasa mbili.