Mikono ya Kigeugeu

Jioni ile Mchoraji alikuwa na kazi ndogo tu: apeleke bahasha kwa shoga yake, anywe chai, arudi. Basi. Mama alikuwa nyumbani peke yake, na Mama kuachwa peke yake giza likiingia ni ugomvi wa siku nzima.

"Koti hilo bichi," Mama alimwambia mlangoni. "Tangu mvua ya juzi umelikunja tu."

"Litakaukia mwilini."

"Haya. Na huyo shetani wenu usinirudishie humu ndani."

"Leo ndiyo namkabidhi kwa mwenyewe, Mama."

Walicheka. Ndiyo, walicheka, wala hakuna aliyesema Mungu apishe mbali.

Shetani mwenyewe aliitwa Kigeugeu, na alikuwa wa kwenye mchezo wa kompyuta. Mtunzi, yaani huyo shoga, ndiye aliyekuwa akiandika hadithi ya mchezo, na Mchoraji akiipa sura. Walifanya kazi meza moja, wakila sahani moja, wakisengenya bosi mmoja. Shoga wa kufa na kuzikana, kama tunavyopenda kusema.

Na huyo Kigeugeu, jamani, Mtunzi alimweleza utadhani wamekaa nyumba moja. Anakuja jioni. Anabisha hodi akiwa na sura ya mtu unayempenda, na sauti yake, na kumbukumbu zake zote. Ananuka nguo zilizofungiwa mbichi. Na mikono yake imepishana: wa kulia uko kushoto, wa kushoto uko kulia, hata akiweka viganja mezani, vidole gumba vinatazama nje.

Mchoraji aliipenda mno ile mikono. Aliyemfundisha kuchora alimkaririsha kwamba kiumbe anayejigeuza lazima aachiwe kitu kimoja kisichogeuka. La sivyo mchezaji atamkamata vipi? Kila jioni alimsimulia Mama yote hayo, na Mama alipiga kelele, akaziba masikio, halafu akauliza, "Enhe, ikawaje?"

Lakini wiki ile Mtunzi akaja na jipya.

"Rekebisha mikono," alisema. "Iwe kama ya watu."

"Umechanganyikiwa? Atatambulika vipi?"

"Asitambulike."

Tena akataka mchoro huo uwe wa mkono, kwenye karatasi, si kwenye mashine. Na sura asihangaike kubuni. "Chora yako. Unaijua. Kioo unacho."

Mchoraji alibisha. Mtunzi akaanza kulia, palepale mezani, watu wanaangalia. Kwikwi hasa. Alikuwa amekonda siku hizo, macho yameingia ndani. Sasa wewe shoga yako akulilie hivyo, kwa mchoro tu, utakataa? Hakukataa. Alikaa mbele ya kioo akajichora mwenyewe, na mikono akaitendea haki: gumba ndani, kucha fupi, mpaka kovu dogo la wembe wa kuchongea penseli alilitia.

Mchoro huo ndio uliokuwa ndani ya bahasha.

Mlango ulifunguliwa na shemeji, mume wa Mtunzi.

"Shemeji! Umerudi lini?" Mchoraji alishangaa, maana mtu huyu kazi yake ni melini, na mwaka wake wa safari ulikuwa haujaisha.

"Karibu," alisema shemeji. Akanyoosha mkono kupokea bahasha.

Ukumbini kulikuwa na harufu. Mchoraji akadhani wameanika nguo ndani.

Mtunzi alikaa ukingoni mwa kiti, begi lililofungwa tayari likiwa miguuni pake. Hakusimama. Hakusalimia. Shemeji alitoa mchoro, akauweka mezani, akalaza viganja juu yake polepole...

Vidole gumba vilitazama nje.

Mchoraji alitaka kucheka. Mzaha wa aina gani huu?

"Ndiye huyu?" shemeji aliuliza, bila kugeuka.

"Ndiyo," Mtunzi alinong'ona. "Kama ulivyotaka."

Taa ilififia. Ikarudi.

Mezani palikuwa na karatasi tupu.

Mlango ulikuwa wazi. Shemeji hakuwepo, na nje mvua ilikuwa imeanza kumwagika.

"Mume wangu yuko melini," alisema Mtunzi, akiangalia sakafu. "Hajarudi. Yule alibisha hodi jioni moja. Nikaona ni mume wangu... nikafungua. Miezi yote hii, shoga. Analala upande wa pili wa kitanda. Hapumui."

"Ulikuwa ukinieleza..."

"Nilikuwa nikimwangalia. Alisema akipata mikono ya kweli ataondoka. Mimi sijui kuchora."

"Aende wapi?"

Mtunzi alilivuta begi lake karibu zaidi.

"Aende wapi, wewe?"

"Kwa mwenye sura."

Mchoraji hakumpiga. Baadaye alijuta kwamba hakumpiga. Alimwangalia tu huyu mtu aliyemlisha, aliyemfuta machozi, aliyemwita dada, na moyo ukamchoma kiasi kwamba akasahau hata kuogopa. Halafu akamkumbuka Mama.

Alitoka mbio, simu sikioni.

"Mama! Mtu yeyote akibisha, usifungue!"

"Nani mwenzangu?" Mama aliuliza. "Mbona sauti ya mwanangu? Mwanangu si huyu hapa jikoni, ananichemshia maji?"

Alikimbia huku akilia, akateleza, akainuka, akakimbia tena. Alipofika kwao alikuwa ametota mpaka kwenye mifupa. Mlango ulikuwa umekomewa. Akagonga dirisha la pembeni, lile lenye vyuma, na Mama akafunua pazia.

"Mama, ni mimi. Fungua."

Mama alimtazama. Nyuma yake, taulo begani, kikombe mkononi, alisimama Mchoraji mwingine. Mkavu. Ametulia.

"Mama," yule wa ndani alinong'ona, "si nilikwambia? Anakuja jioni, na sura ya mtu unayempenda."

"Angalia mikono yangu!" Mchoraji aliibandika kwenye vyuma. "Ona, ni mizima!"

"Na ya mwenzako nimeiona," alisema Mama. "Mizima vilevile. Hata kovu."

"Niulize kitu. Kitu cha sisi wawili tu."

Mama alifikiri. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikuitaje ulipokuwa mdogo?"

"Kijiko."

Walijibu pamoja, kwa sauti moja.

"Mnuse, Mama," alisema yule wa ndani, taratibu.

Mama alisogeza uso kwenye vyuma. Akavuta pumzi. Mchoraji aliona macho ya mama yake yakibadilika, na hapo ndipo naye alipoisikia ile harufu. Ilikuwa ikitoka kwake. Lile koti. Koti lililokunjwa bichi tangu mvua ya juzi.

"Mama, hili ni koti tu! Wewe mwenyewe uliniambia ni bichi!"

"Niliyemwambia alishalivua," alisema Mama. "Linaning'inia hapo nyuma ya mlango."

Yupo mtu mmoja tu duniani aliyeujua ukweli. Mchoraji alimpigia, akaweka simu kwenye spika, akaipitisha kati ya vyuma karibu na sikio la Mama. Iliita sana. Ikapokelewa. Nyuma yake ukasikika mngurumo wa basi.

"Shoga," alisema Mchoraji, "sikudai kitu. Nimekusamehe, sikia, nimekusamehe yote. Mwambie Mama tu huyu wa nje ndiye mwanawe. Neno moja."

Mtunzi alivuta pumzi. Ungeweza kumsikia akifikiri. Akifukuzwa humo, yule Kigeugeu atakwenda wapi? Si atarudi alikotoka?

"Mama," Mtunzi alisema hatimaye. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Niambie. Nimchukue yupi?"

"Huyo wa nje..." Sauti ikakatika, ikarudi. "Huyo wa nje, usimfungulie."

Simu ikazimwa.

Mama alikuwa analia sasa, machozi ya kweli, ya mama. "Nenda," alimwambia mwanawe. "Kwa jina la Mungu, nenda zako. Mwachie mwanangu sura yake."

Pazia likashuka. Kutoka ndani Mchoraji alijisikia mwenyewe akisema, kwa upole ule aliomsemeshea Mama maisha yake yote, "Pole, Mama. Njoo ukae, chai inapoa." Kiti kikaburutwa. Kijiko kikagonga kikombe.

Alisimama pale mvuani mpaka kilio kikamwishia. Halafu akafikiri, hapana, huyu ni Mama, ataelewa, nitabisha tena mpaka aelewe. Akainua mkono kugonga.

Taa ya barazani ilikuwa inawaka. Alikiona kidole gumba chake.

Kilikuwa upande wa nje.